SOMO LA ROBO HII: ROSA MISTIKA NA SWALI LA MALEZI



Vitabu vingi tunavisoma, tunafanyia mitihani, kisha tunavisahau. Vichache hubaki. Kwangu mimi kimojawapo ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Nilikisoma nikiwa sekondari, na tangu nianze kazi ya miradi nimekirudia mara kadhaa.

Kitabu chenyewe

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Hii ni riwaya yake ya kwanza. Kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ilieleza waziwazi mambo ya mapenzi na utoaji mimba, baadaye iliruhusiwa.

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, wa kisiwani Ukerewe. Zakaria ni mlevi na humpiga mkewe, lakini kwa binti zake ni mkali kupita kiasi. Rosa anapoandikiwa barua na kijana Charles, baba anampiga. Hakuna anayekaa naye na kumweleza. Anapofika shule ya bweni, mbali na macho ya baba, kilichokuwa kikimzuia ni hofu tu, na hofu ile imebaki nyumbani. Mwisho wake ni kujiua.

Kilichobaki moyoni

Wengi wanapofunga kitabu hiki humsikitikia Rosa au humhukumu. Mimi nilibaki nikimfikiria Zakaria. Hakutaka binti yake apotee. Lakini alidhani kulinda ni kufungia. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kitabu kinatukumbusha kwamba ukali usio na mazungumzo nao ni malezi, na una mavuno yake. Hata hivyo mwandishi hamwachi Rosa bila wajibu. Mwishoni baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, na suala ni nani alaumiwe.

Faida kwa kazi yetu

Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa katika shule za serikali. Mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi masomoni. Milango imefunguliwa. Lakini msichana anapoacha shule, swali la kwanza kamatini huwa, “Ana tabia gani?” Rosa Mistika kimenifundisha kuuliza, “Nani alikuwa akizungumza naye?”

Swali hili linadai jina: mama, baba, shangazi, mwalimu wa kipaimara. Jina likikosekana, tumejua pa kuanzia. Wafadhili wetu, sare na madaftari mnayotoa yanahesabika katika taarifa. Mazungumzo hayahesabiki kwa urahisi, lakini bila hayo sare inaweza kubaki kabatini.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, binti wa miaka 14 akiwa na swali gumu, humwendea nani?
2. Akina baba wanashirikije katika mazungumzo haya, au wamewaachia akina mama?
3. Tunawafundisha nini wavulana, akina Charles wetu?
4. Binti aliyerudi shuleni tunampokeaje Jumapili?

Mjumbe mmoja akisome kitabu na kuwasimulia wenzake. Kikisomwa na vijana, awepo mtu mzima wanayemwamini, maana kina mambo mazito. Msikifunge kabla ya kujibu swali la kwanza.