Kuteua Mbegu ya Mpunga Kabla ya Mavuno

Wakati huu ambapo mvua kubwa za Kyela zinaelekea kupungua, na masuke katika mabonde ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yanaanza kuiva, mkulima mwenye busara hangoji mpunga uingie ghalani ndipo aikumbuke mbegu ya mwaka ujao, bali huiteua shambani, mpunga ungali umesimama, ambapo kila shina laonekana pamoja na mahali lilipoota.

Nasisitiza mahali, kwa kuwa mpunga ni mmea mwepesi mno wa kuifuata hali yake. Shina lililopata nafasi na rutuba hutoa machipukizi mengi, na ndugu yake wa mbegu ile ile, akisongwa, hutoa machache. Mizizi iliyozama majini hujifanyia ndani yake njia nyingi za hewa, ili pumzi itokayo majanini iifikie hata katika tope zito, ilhali ile ya mahali pakavu huzifanya kwa uchache. Mikakao yetu nayo ni hivyo hivyo: jani lililokulia kivulini huwa pana na jembamba, na la juani huwa dogo na nene.

Mageuzi hayo ni rehema kwa mmea, lakini ni mtego kwa mteuzi wa mbegu, kwani unono ulioletwa na samadi haurithiwi. Mwaka 1903 mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alitangaza matokeo ya majaribio yake ya maharage: alipopanda punje kubwa na punje ndogo za uzao mmoja safi, mazao yake yalikuwa, kwa wastani, sawa kwa uzito. Tafauti ya wazazi ilikuwa ya malezi, wala si ya asili.

Basi ndugu wakulima, msihadaike na shina nono la ukingoni mwa jaruba, au lile lililoota palipolala ng'ombe, au penye pengo lisilo na jirani. Ingieni katikati, ambako maji na nafasi ni sawa kwa wote. Ligawanyeni jaruba mafungu madogo, na katika kila fungu mchukue mashina yaliyowashinda majirani zake, yenye masuke yaliyojaa na yasiyo na maradhi. Kwa kuwa mbegu zetu za asili aghalabu zimechanganyika, ushindi wa namna hiyo yamkini watoka katika asili yenyewe, na huo ndio unaorithiwa. Masuke hayo yakatwe mbali, yaanikwe mbali na kuhifadhiwa mbali.

Kadhalika, mbegu iliyosifiwa Usangu kwenye maji ya mifereji isisadikiwe wala kukataliwa kwa habari tu. Ipandeni kando ya yenu, siku moja, katika jaruba moja, kwa nafasi moja, ndipo mtoe hukumu ya haki.