Mgonjwa wa Moyo, Cheti cha Maabara na Ruhusa ya Kula Ramadhani

 

Ndugu zangu katika imani, sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tumezoea kuipitia haraka aya ya 184 ya Suratul Baqara: mgonjwa ana ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa siku nyingine. Lakini mgonjwa yupi? Mwenye mafua? Au yule ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, leo anatembea hadi msikitini, na kesho usiku analala ameketi kwa kuwa akilala chali anakosa pumzi? Walimu wetu wa usuli hutufundisha kwamba kulihukumia jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuingie kidogo maabara.

Tuanze na mishipa. Aota ya kijana ni kama mpira laini. Moyo ukipiga, hutanuka ikapokea damu, kisha hujirudi na kuisukuma mbele wakati moyo unapumzika. Umri, presha ya miaka mingi, kisukari na maradhi ya figo huzichakaza nyuzi zake zinazonyumbuka, mshipa ukakakamaa kama bomba la chuma. Hapo wimbi la mapigo hukimbia zaidi. Madaktari hupima kasi yake kutoka shingoni hadi kwenye kinena, na ikizidi mita 10 kwa sekunde huhesabu kuwa ateri zimekakamaa. Wimbi hilo likifika kwenye matawi ya mishipa sehemu yake hurudi nyuma, na kwa kuwa lina kasi, huukuta moyo bado unasukuma. Moyo unafanya kazi mara mbili. Tena mapigo yakipumzika presha hushuka kupita kiasi, na huo ndio wakati ambao misuli ya moyo wenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake. Miaka ikienda, moyo hunenepa kuta, hukakamaa nao, na wengine huchoka kabisa.

Ibn Sina katika al-Qanun ametaja ugumu na ulaini wa mshipa miongoni mwa mambo ambayo tabibu huyatafuta akishika mapigo. Sisemi kwamba alishayajua haya yote. Alikuwa na vidole tu. Ila alijua pa kuviweka.

Sasa damu. Mwaka 1988 watafiti wa Japani waligundua homoni katika ubongo wa nguruwe, ikapewa jina la ubongo, kifupi BNP. Baadaye ikabainika kwamba kwa binadamu hutoka hasa katika vyumba vya chini vya moyo, ukuta wake unapovutwa na wingi wa damu. Kazi yake ni kuziambia figo zitoe chumvi na maji, na mishipa ilegee. Kwa hiyo ikipanda, moyo unalalamika. Kipande chake kiitwacho NT-proBNP hudumu zaidi katika damu, ndiyo maana maabara nyingi hukipima. Kwa mtu aliyekuja kliniki kwa miguu yake, kikiwa chini ya 125 huenda tatizo si moyo kushindwa. Kwa aliyeletwa akihema, mpaka ni 300. Lakini namba hii ina hila. Uzee na maradhi ya figo huipandisha, unene huishusha, kwa hiyo mtu mnene anaweza kuwa mgonjwa na cheti chake kikaonekana cha nafuu. Haisomwi peke yake, bali pamoja na dalili na picha ya moyo. Na damu inayotolewa mkononi kwa kipimo haibatilishi saumu, msiogope kupima mchana wa Ramadhani.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba vipimo ni dhana, na ibada haiachwi kwa dhana. Siafikiani nao. Fiqhi yetu inafanya kazi kwa dhana yenye nguvu katika milango mingi: kibla, kuingia kwa wakati, ushahidi. Katika saumu, mafakihi wa Kishafii wanategemea neno la tabibu mwaminifu au uzoefu wa mgonjwa mwenyewe, na wakasema kwamba anayehofia kufa kwa kufunga, kula kwake ni wajibu, si ruhusa tu.

Ramadhani iliyopita shangazi yangu aliacha vidonge vya kutoa maji ili afunge, kwani aliona haya kula mbele ya wajukuu. Siku ya tisa miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Wala hakuwa amekosa elimu ya dini. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba haya yake haikuwa na hoja mbele ya aya. Wapo wagonjwa waliotulia ambao daktari huwaruhusu kufunga kwa kupanga upya saa za dawa na kupunguza chumvi ya futari. Aliyetoka wodini mwezi uliopita si mmoja wao.

Linabaki suala la fidia. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, wala halipi. Zamani moyo ulioshindwa uliingia humo moja kwa moja. Leo dawa huwarudisha baadhi yao: namba inashuka, picha inaonyesha moyo unasukuma vizuri zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo akitarajia nafuu, asikimbilie fidia; asubiri alipe. Na aliyekwisha kutoa fidia kwa kukata tamaa kisha akapona, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba hadaiwi kulipa siku zile, lakini Ramadhani inayofuata anaulizwa upya, na cheti kipya mkononi.