Kiingereza cha Chakula: Anza na Bakuli Moja la Supu

Ninafundisha Kiingereza watu wanaouza chakula Kariakoo: mama lishe, wapika supu na chapati, wauza matunda ya kukata, wenye vizimba vya mboga na nafaka katika mitaa ya Mkunguni, Tandamti na Nyamwezi inayolizunguka soko. Karibu wote huja na swali moja: nikariri maneno mangapi ndipo niweze kuongea na mteja? Wanauliza hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoeshwa shuleni, na naamini swali hilo ndilo linalowachelewesha. Ushauri wangu ni kwamba muuza chakula asianze na orodha ya vyakula. Achukue kitu kimoja anachokiuza zaidi, ajifunze mazungumzo yake yote tangu mteja anaposimama mpaka anapopewa chenji, ayazoee mpaka ajibu bila kutazama karatasi, ndipo ahamie kitu cha pili. Nitaeleza kwa nini naona hivyo, na namna ya kufanya.

Kwanza tujue mteja ni nani. Wengi wakisikia Kiingereza wanamfikiria mtalii wa Kizungu, na mtalii huyo mara nyingi chakula chake anakula hotelini. Mteja wa Kariakoo anayetulazimisha kuongea Kiingereza ni mfanyabiashara mwenzetu wa Kiafrika. Mkongo wa Lubumbashi au Bukavu tunaelewana naye kwa Kiswahili. Mzambia wa Lusaka au Ndola na Mmalawi wa Lilongwe mara nyingi hawakijui, nasi hatujui Kibemba wala Kichewa, kwa hiyo tunakutana kwenye Kiingereza. Wanakuja kwa mabasi kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumulu, wengine kwa treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi. Wakishalala njiani siku mbili tatu, jambo la kwanza wanalolitafuta ni chakula cha moto. Kiingereza chao cha chakula nacho kina maneno yake. Ugali Mzambia anauita “nshima” na Mmalawi “nsima”. Unga wa sembe Zambia ni “mealie meal”. Kitoweo, yaani kile kinacholiwa na ugali, iwe maharage, mchicha au samaki, wote wawili wanakiita “relish”. Karanga ni “groundnuts”, viazi mviringo ni “Irish potatoes”, na dagaa Mzambia atawaita “kapenta”. Sasa tazama zile chati za ukutani wanazouza wamachinga: zimejaa “strawberry”, “cherry” na “pear”. Mama lishe anaweza kuikariri chati nzima na bado asielewe mteja anayemuuliza, “What relish do you have today?”

Ubaya wa chati hauishii kwenye matunda ya mbali. Hata ukiibadilisha ukaweka embe, nanasi, papai na fenesi, mpangilio wenyewe unapingana na namna akili inavyoshika maneno mapya. Mwaka 1993 mtafiti Thomas Tinkham alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akijifunza kwa mkupuo maneno mapya ya kundi moja, kwa mfano ya mavazi matupu, hujifunza polepole kuliko akijifunza maneno yasiyohusiana, kwa sababu yanagongana kichwani. Rob Waring alilirudia jaribio hilo kwa wasemaji wa Kijapani mwaka 1997 na matokeo yakaelekea kulekule. Mwaka huohuo Tinkham alionyesha upande wa pili: maneno yanayokutana katika tukio moja hushikika kwa urahisi zaidi. Hapo kuna jibu letu. “Lime” na “lemon” ukizisoma kwa pamoja utazichanganya mwaka mzima, maana hata ndimu na limau zenyewe watu huzichanganya. Lakini “soup”, “bowl”, “spoon”, “lime”, “chilli” na “change” ni vitu vya kazi moja, na mkono wako unavigusa kwa mfuatano uleule kila asubuhi.

Kwa hiyo tuchukue supu ya asubuhi. Mteja anasimama, anauliza “What do you have?” Unajibu “Beef soup and goat soup, with chapati.” Anauliza “How much?” Unajibu bei ya supu, kisha ya chapati, kila moja peke yake: “Soup, three thousand. Chapati, five hundred.” Akisema “Can I have one soup and two chapatis?”, hakuulizi kama anaweza, ameshaagiza, na jibu ni “Yes, sit here please” huku unachota. Unapoweka bakuli unasema “Lime and chilli are here.” Unaongeza “Anything else?”, na akimaliza unampa hela yake ukisema “Here is your change, thank you.” Mazungumzo ni hayo tu. Kuna jambo moja dogo linalowakwamisha wengi hapo: mteja akikuangalia na kusema “Sorry?” kwa sauti ya kupanda, haombi radhi wala hakupi pole, anataka urudie ulichosema. Rudia polepole, maneno yaleyale. Ukibadilisha sentensi katikati unamvuruga.

Pilipili inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu Kiswahili kina pilipili nyingi na neno “pepper” likiachwa peke yake halitoshi. Pilipili hoho ni “green pepper”, pilipili manga ni “black pepper”, na pilipili mbuzi au kichaa ni “chilli”. Vilevile neno “hot” linabeba maana mbili, joto la jiko na ukali wa pilipili. Mteja akiuliza “Is it hot?” juu ya supu inayotoa mvuke, wewe ukajibu “Yes, very hot” kwa furaha, huenda akaondoka akidhani umejaza pilipili. Nawashauri wanafunzi wangu watumie “spicy” kwa ukali na waiache “hot” kwa moto. Neno jingine lisilo la mchezo ni “groundnuts”, au “peanuts” kwa wateja wengine. Mchicha wa karanga na kisamvu cha karanga ni vyakula vyetu vya kila siku, lakini wapo watu ambao karanga kidogo tu inaweza kuwadhuru vibaya, hata kuwaua. Kwa hiyo sentensi “This one has groundnuts” iwe miongoni mwa za kwanza kabisa kwa kila anayepika mboga hizo, kabla hata ya kujua kusifia chakula chake.

Saa nazo zinapoteza wateja. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, wao kuanzia usiku wa manane. Mama lishe akitaka kusema wali utakuwa tayari saa sita mchana, ulimi unamvuta kusema “six”, na mteja akimwamini atarudi jioni, sufuria limeshaoshwa. Sema “twelve”. Saa saba ni “one”, saa nane ni “two”. Zoea hizo tatu tu, zinatosha biashara ya chakula cha mchana.

Kwa wenye vizimba mazungumzo ni mengine, na hapa ndipo utaona wazi kwamba jina la bidhaa ni sehemu ndogo sana ya kazi. Nyanya mteja anaziona kwa macho. Asichokijua ni kipimo. Nyanya zimepangwa mafungu, maharage yanapimwa kwa sado, ndizi zinauzwa kwa chane au kwa mkungu, na yeye pengine amezoea mizani. Fungu ni “heap”: “One heap, one thousand.” Kwa sado usihangaike kutafuta tafsiri; ishike mkononi useme “This tin, eight thousand”, na akitaka kilo mwelekeze kwenye mizani, “We can weigh it.” Akianza kupunguza bei atasema “What is your last price?” Kama unaweza, taja, na kama huwezi sema “That is the last price” kwa uso wa bashasha, maana Kiingereza kikavu cha mtu anayejifunza husikika kama ugomvi kuliko anavyokusudia. Mzambia akimaliza kununua anaweza kusema “mbasela”. Anaomba nyongeza, kama mteja wetu yeyote. Mwekee nyanya moja juu, umwambie “This one is for you.”

Namna ya kufanya mazoezi ina uzito kuliko wingi wa maneno, na kuna ushahidi unaotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2008 watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio la wanafunzi wa Kimarekani waliofundishwa maneno 40 ya Kiswahili na maana zake za Kiingereza. Wote walifika mahali pa kuyajua. Walitofautiana katika kilichofuata: wengine waliendelea kujipima kwa kuyatoa kichwani maneno waliyokwisha kuyajua, wengine waliacha kujipima, hata kama waliendelea kuyasoma. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka kiasi cha asilimia 80. Walioacha kujipima walikumbuka kama theluthi moja tu. Kusoma tena na tena, ambako ndiko wengi tunakuita bidii, hakukuwasaidia sana. Kwa mama lishe maana yake ni hii: ukishaandika zile sentensi za supu, karatasi ifunike. Mwambie jirani yako wa kizimba, au mtoto wako wa sekondari, awe mteja. Aulize, ujibu kwa sauti, ukikwama usikimbilie karatasi, subiri kidogo ujaribu mwenyewe. Rudieni kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo, na abadilishe mambo: leo anataka supu mbili, kesho anatoa noti ya elfu kumi, keshokutwa hataki pilipili. Sokoni nafasi ya kujipima haikosekani, kwa kuwa kila mteja mgeni ni mtihani mpya.

Najua kuna wanaosema kwamba hiki ni Kiingereza cha kukariri, na kwamba mtu aanze na sarufi kama inavyopaswa. Sipingi sarufi. Ninachosema ni kwamba njia ya sarufi na orodha tumeijaribu kwa taifa zima. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walichunguza Kiingereza katika shule za Tanzania na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari, waliokwishasoma somo hilo shule ya msingi, hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Ikiwa mwanafunzi mwenye mwalimu, kitabu na miaka ya darasani hakufika, hatuna haki ya kumrudisha kwenye njia hiyohiyo mama anayeamka saa tisa usiku kuwasha jiko. Na sarufi huja. Mtu aliyezoea kusema “We have beef soup” na “This one has groundnuts” ameshashika “have” na “has” mdomoni. Ukimweleza kanuni yake baadaye anaielewa mara moja, kwa kuwa mifano anayo. Tazama vijana wa fukwe za Zanzibar wanaozungumza Kiitaliano bila kukanyaga darasa, au Wachina waliofungua maduka Kariakoo na kujifunza Kiswahili nyuma ya kaunta, wakianza na namba, “bei gani” na “hamna”. Wote walianza na biashara iliyo mbele yao.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaouliza kwa nini tujifunze sisi. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, kina siku yake duniani kila Julai 7. Basi mgeni ndiye ajifunze. Ninaiheshimu hoja hii, na ninafurahi kila Mzambia anapojaribu kusema “naomba supu”. Lakini mgeni huyo anakaa Kariakoo siku chache, na anayeuza yupo hapo mwaka mzima. Anayekosa hela akiondoka bila kula ni muuzaji. Na kujua Kiingereza cha kuuzia hakukulazimishi kuyaacha majina yetu. Chapati ibaki chapati, pilau ibaki pilau, ugali uitwe ugali kisha uongeze “like nshima”. Hivyo mgeni anaondoka na neno la Kiswahili pamoja na shibe.

Wapo pia wanaotegemea simu itafsiri. Kwa kumweleza mtu njia ya kwenda Gerezani inasaidia. Kwenye foleni ya supu, mikono ina mafuta, muziki unapigwa, na mteja wa tatu ameshaanza kulalamika. Simu haifai hapo.

Kesho, kabla hujafungua biashara, chagua chakula kimoja tu, kile kinachoisha mapema kuliko vyote. Andika maswali ambayo wateja wako huuliza juu yake kwa Kiswahili, maana hayohayo ndiyo watakayouliza kwa Kiingereza. Mtafute mtu anayeijua lugha, mwalimu au mtoto wa sekondari, akusaidie kuyaandika na majibu yake mafupi. Kisha funika karatasi, uanze kujibu.