Je, Kamera ya Thamani Yafaa Kununuliwa na Kukatiwa Bima?

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa. Je, ninunue kamera ghali, na niikatie bima?

JIBU: Ndugu msomaji, chombo ghali humfaa yule ambaye kazi yake yakidai na pato lake lakilipia; na kwa kuwa harusi nyingi hufanyika usiku, penye nuru haba, ni afadhali fedha zako zitangulie kwenye lenzi ya f/2.8, ipitishayo nuru maradufu ya lenzi ya f/4, kwani lenzi njema hudumu miaka mingi ilhali kamera hupitwa upesi na zilizo mpya.

Ama bima, ikate iwapo wizi wa usiku mmoja waweza kukukatia riziki. Lakini usome mkataba kwa makini, kwa sababu bima ya nyumba aghalabu haidhamini vyombo vya biashara, wala si desturi ya bima kulipia uchakavu au ukungu uotao ndani ya lenzi kwa unyevu wa pwani, ambao kinga yake ni sanduku lisilopitisha hewa, lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Taja thamani kamili, maana ukitaja nusu, huenda ukalipwa nusu ya hasara. Na uhifadhi stakabadhi pamoja na nambari ya kila chombo. Kamera isiyokulisha, usiikopee.