Baiskeli ya gia au Phoenix?

Mavuno yakishauzwa wengi hununua baiskeli. Lakini fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka. Ukichagua vibaya, utaikokota mpaka msimu mwingine.

Tuchukue mtu anayekaa Magamba na kwenda kazini mjini Mpanda kila siku. Dukani ataona baiskeli nyeusi ndefu, kama Phoenix ya China. Magurudumu yake ni inchi 28, haina gia, breki zake huvutwa kwa vyuma. Pembeni ataona ya gia, wengine huiita mauntini. Magurudumu ni inchi 26, tairi nene, breki za waya.

Gia inafanya kazi gani? Hesabu meno. Kama gurudumu la meno la mbele, penye pedali, lina meno 40, na dogo la nyuma lina meno 20, basi 40 ÷ 20 = 2. Ukizungusha pedali mara 1, tairi la nyuma linazunguka mara 2. Tairi la inchi 28 likizunguka mara 1 husogea mita 2 na zaidi kidogo. Kwa hiyo umekwenda zaidi ya mita 4. Sasa tia gia yenye meno 28 mbele na 28 nyuma. Tairi linazunguka mara 1 tu, kama mita 2. Unakwenda polepole, lakini kilimani mguu hauchoki upesi. Gia haikuongezei nguvu, inagawa ile uliyonayo.

Tairi nene hupita mchangani pale jembamba linapozama. Lakini kwenye njia ngumu ni zito.

Je, una mzigo? Phoenix ina keria imara. Nyingi za gia hazina. Zenye springi ndiyo kabisa: sehemu ya nguvu za mguu huishia kwenye springi. Mimi nisingezilipia.

Kabla ya kulipa, muulize fundi wa kijijini kwenu vipuri anavyo? Cheni ya gia ni nyembamba, ya Phoenix haiingii.

Kwa mzigo na njia iliyoshindiliwa, mimi ningechukua Phoenix. Asiye na mzigo, mwenye vilima na mchanga, achukue ya gia.

Zoezi
1. Meno 48 mbele, 16 nyuma. Pedali ikizunguka mara 1, tairi la nyuma litazunguka mara ngapi?
2. Andika njia unayopita kila siku. Mchanga uko wapi? Kilima kiko wapi?