Mshahara Umekoma, Ujuzi Haujakoma



Somo letu la leo ni juu ya watu waliotuhudumia. Wengi wetu tunamjua muuguzi, mshauri nasaha au mhudumu wa afya wa kijiji ambaye alikuwa kazini, na sasa yuko nyumbani. Hakuiba. Hakulewa kazini. Wala kazi hakuichoka. Mradi uliokuwa unamlipa ndio uliokwisha.

Imekuwaje?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa mkoani Kagera, mwaka 1983. Miaka 20 baadaye, mwaka 2003, Marekani ilianzisha mpango mkubwa wa kuzisaidia nchi kupambana na ugonjwa huo. Fedha hizo zilinunua dawa. Pia zililipa watu: wauguzi, watunza kumbukumbu, washauri, na wale wanaotembelea wagonjwa majumbani.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Kufikia tarehe 1 Julai 2025, shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kutoa misaada. Hapa nchini wafanyakazi wengi wa miradi waliambiwa wakae nyumbani. Baadhi waliitwa tena. Wengine hawakuitwa.

Uzito wa jambo hili uko kwenye umri. Kijana wa miaka 25 ataomba kazi nyingine. Lakini matangazo mengi ya ajira serikalini hutaka mwombaji asiyezidi miaka 45. Mtu wa miaka 46 afanye nini, na watoto wako shuleni? Tujifunze hatua kwa hatua.

Kwanza: dai haki yako

Kupunguzwa kazini si sawa na kufukuzwa kwa kosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri azungumze na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Anayelipwa kwa mwezi apewe taarifa ya siku 28, au alipwe badala yake. Apewe pia cheti cha utumishi, na alipwe likizo yake iliyobaki.

Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi hulipwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Tufanye hesabu. Muuguzi amefanya kazi miaka 6:

7 x 6 = siku 42.

Lakini angalieni: ambaye mkataba wake ulikwisha tarehe yake yenyewe hapati malipo haya. Kwa hiyo soma mkataba wako mstari kwa mstari. Ukiona umeachishwa isivyo halali, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita. Ukikaa kusubiri huruma, siku zinapita.

Pili: uliza Mfuko

Aliyekuwa akichangia NSSF aulize juu ya fao la kukosa ajira. Mwenye taaluma, kama muuguzi, aliyechanga miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo ni karibu theluthi moja. Kama mshahara ulikuwa shilingi 600,000, ni karibu shilingi 200,000 kwa mwezi. Hazitoshi, lakini zinampa mtu nafasi ya kufikiri bila njaa.

Tatu: usigeuze chumba kuwa zahanati

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu ana ujuzi, ana sindano, na usiku jirani anabisha hodi: "Mama, nichomee tu mtoto." Akichoma mara moja, kesho watabisha watano. Mtoto akipata madhara, hakuna daktari wa kuitwa wala dawa ya kumwokoa. Nyumba isiyosajiliwa si kituo cha tiba. Msaidie jirani kwa kumpeleka kituoni, hata kwa kumlipia bodaboda.

Lakini leseni yako usiiache ife. Ihuishe kwa wakati, maana kazi ikitokea, mwenye leseni hai ndiye atakayeitwa. Kama unafikiria duka la dawa muhimu, muone kwanza mfamasia wa wilaya akueleze masharti.

Nne: hesabu ulichonacho kichwani

Chukua daftari. Upande mmoja andika ulichokuwa ukifanya. Upande wa pili andika panapohitajika. Mtunza kumbukumbu za wagonjwa anaweza kutunza hesabu za chama cha ushirika. Mshauri nasaha anajua kusikiliza watu na kutunza siri. Vikundi vya kuweka na kukopa vinahitaji mtu kama huyo. Aliyezoea usafi wa hospitali anajua kuandaa maziwa na chakula safi cha kuuza.

Anayerudi shambani asimwage fedha zote mara moja. Mche wa kahawa unaopandwa leo haukulipi mwaka huu. Maharage huvunwa baada ya miezi mitatu hivi. Changanya cha haraka na cha kusubiri. Andika kila shilingi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano: nasi majirani

Tusiseme, "Mkubwa amerudi kuota jua." Mtu huyu hakupoteza mshahara tu. Amepoteza pia jina aliloitwa kwa miaka mingi, na anaumia. Mwite kwenye mkutano wa kijiji. Mpe nafasi aeleze juu ya uzazi salama na chanjo. Na ninyi mnaotumia dawa za kupunguza makali, msiache dawa kwa sababu aliyekuwa akiwatembelea haji tena. Fuateni kituoni.

Ndugu msomaji, kazi hii hukuchagua kuiacha. Lakini kitakachofuata, una nafasi ya kukichagua. Elimu haina mwisho, hata kwa aliyekuwa akitufundisha sisi.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kupunguzwa kazini na kufukuzwa kwa kosa?
2. Mfanyakazi wa miaka 9 atahesabiwa siku ngapi za malipo?
3. Kijiji chetu kinaweza kutumia vipi ujuzi wa muuguzi asiye na ajira, bila kuvunja sheria?