Dama Moja ni Pioni Ngapi?



Siku ile tuliposhindwa na wageni wetu, watu wengi walimlaumu mdogo wetu aliyecheza ubao wa mwisho. Tangu siku ile hagusi tena mchezo wa dama. Sisi wa mwaka wa mwisho tumekaa, tumepanga vifuniko vya soda upya, tukaona kosa haliko lake. Ni sisi tuliomfundisha: "Dama moja njo pioni tatu, lipa tu!" Tulimpa nusu ya somo. Nusu ingine ndiyo hii.

1. UBAO NA KUPANGA

Dama yetu inachezwa juu ya ubao wa nyumba 100, ule wa mashindano ya dunia. Ni ubao wa Baba Sy wa Senegali, aliyekufa mwaka 1978. Mwaka 1986 shirikisho la dunia lilimtangaza kuwa bingwa wa mwaka 1963. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaita drafti, na wengi wamezoea ubao wa nyumba 64, kete 12 kila upande. Sisi tuko na pioni 20 kila upande. Tunatumia nyumba nyeusi tu, nazo ni 50: pioni zinajaza 40, katikati zinabaki 10 wazi.

Kabla ya kupanga, tazama pembe yako ya kushoto: lazima iwe nyeusi. Pale inaanza njia kubwa ya nyumba 10, inayokata ubao mzima mpaka pembe ya pili. Nyumba zinahesabiwa toka upande wa mweusi, 1 mpaka 50. Njia kubwa ni hii: 46, 41, 37, 32, 28, 23, 19, 14, 10, 5.

2. THAMANI

(a) Pioni. Inatembea mbele nyumba moja, inakula mbele na nyuma. Tunaihesabu 1. Lakini pioni ya katikati iko na njia mbili za kwenda, ya ukingoni iko na moja tu. Kweli, ya ukingoni hailiwi, maana hakuna nyumba ya kushukia nyuma yake. Lakini ni kama mtu aliyejifungia ndani: mwizi haingii, na yeye mwenyewe hatoki vizuri.

(b) Dama. Inaenda mbali mbele na nyuma, na ubao ukiwa mkubwa nguvu yake inazidi. Lakini bei yake pia inapanda. Pioni ya mstari wa mbele inahitaji hatua 6 ili iwe dama. Kwenye ubao wa 64 ni hatua 5. Ya mstari wa nyuma ni hatua 9 badala ya 7. Ndiyo maana wachezaji wanasema dama ni KAMA pioni 3. Angalieni neno "kama".

Kwanza, kula ni lazima, na lazima ufuate njia inayokula vipande vingi zaidi. Katika hesabu hiyo dama ni kipande kimoja tu, sawa na pioni. Pili, dama moja ikishika njia kubwa, dama tatu haziwezi kuikamata. Ni sare. Sisi watu wa Nyunzu tunaijua reli ya Kabalo na Kalemie: mwenye kushika njia, hata akiwa peke yake, anahesabiwa.

3. KILICHOTUPATA

Mdogo wetu alikuwa mweupe. Akatoa pioni 3, ya nne ikapita, ikawa dama. Tulipiga kelele za furaha! Dama ikarudi kukaa 46, njia kubwa yote mbele yake. Mweusi alikuwa na pioni tatu kwenye njia ile ile: 23, 19 na 14.

Mweusi akasogeza 23 kwenda 28. Dama yetu ikalazimishwa kula ile 28. Ishukie wapi? Paka 23, maana 19 inafunga njia. Na 19 hailiki, kwa sababu nyuma yake 14 imejaa. Basi pioni ya 19 ikairuka dama yetu, ikashuka 28. Tukawa tumetoa vipande 4, tumekula 1.

Sasa ondoeni ile pioni ya 14, mcheze tena. Dama inakula 28, inakula na 19, inaendelea na safari. Basi pioni ya 14, ambayo haikusogea hata kidogo, ndiyo iliyotunyang'anya dama. Siku ile, pale iliposimama, thamani yake haikuwa 1.

4. MAULIZO MATATU KABLA YA KULIPA

- Dama yangu itasimama wapi?
- Mwenzangu anaweza kunilazimisha kula?
- Nikisha kula, nitashukia wapi, na nani ananingoja pale?

Jibu moja likikosekana, usitoe hata pioni moja.

Zoezi: mweusi hajacheza bado, na ni zamu ya mweupe. Dama iko 46. Pioni nyeusi ziko 23, 19 na 14. Je, dama inaweza kula? Leteni majibu chini ya mwembe kabla ya Jumamosi.

Na wewe mdogo wetu, tunakuomba radhi mbele ya wote. Ulicheza vile tulivyokufundisha. Jumamosi ubao wa kwanza ni wako, sisi tutapanga vifuniko.

Kiongozi wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa mwisho